Maisha ya Hedy Lamarr

Katika somo lililotangulia ulijifunza kwamba redio hupokea mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Leo jioni, kama mna redio nyumbani, omba ruhusa uzungushe kinobu chake polepole. Ikiwa unakaa Busunzu, katika nyanda za juu za Kigoma kati ya Kibondo na Kasulu, utasikia kituo kimoja, kisha mkoromo, kisha kituo kingine. Huenda kimojawapo kikawa cha Burundi, nawe ukafahamu maneno mengi, kwa kuwa Kirundi na Kiha ni lugha ndugu. Mawimbi ya vituo hivyo vyote yamo chumbani mwako kwa wakati mmoja. Hayachanganyiki kwa sababu kila kituo kina masafa yake, yaani idadi ya mitetemo ya mawimbi yake katika kila sekunde. Redio yako huchagua masafa ya kituo kimoja na kuyaacha mengine. Shika sana jambo hilo, maana bila hilo hutaelewa kazi ya mwanamke tunayemsoma hapa.

Hedy Lamarr alizaliwa tarehe 9 Novemba, 1914, katika mji wa Vienna, nchini Austria, huko Ulaya. Jina lake la utotoni lilikuwa Hedwig Kiesler. Baba yake alikuwa mtu wa benki, lakini alipenda mitambo, na walipotembea pamoja mjini alimweleza binti yake jinsi kila mtambo waliouona ulivyofanya kazi. Mtoto huyo alipokuwa na umri wa miaka mitano alikifungua kisanduku chake cha muziki, akatoa vyuma vyake vyote, kisha akavirudisha. Kufungua kitu ni rahisi, wewe mwenyewe umekwisha kufanya hivyo. Kazi ni kurudisha.

Hakuendelea sana na shule. Angali msichana aliingia katika kazi ya kucheza sinema, na mwaka 1933 akaolewa na Fritz Mandl, tajiri mwenye viwanda vya silaha. Mumewe alimkataza kucheza sinema. Nyumbani kwao walikuja wakuu wa majeshi na mafundi wa silaha, nao walizungumza mezani habari za topido, yaani bomu refu mfano wa samaki, liendalo majini kuitoboa meli. Hedy aliketi kati yao amevaa vizuri, wala hakuna aliyedhani kwamba anasikiliza. Alisikiliza.

Mwaka 1937 alimtoroka mumewe, akafika London, na kutoka huko akavuka bahari kwenda Marekani. Ndipo alipopewa jina la Hedy Lamarr. Filamu yake ya kwanza ya Marekani, Algiers, ilitoka mwaka 1938, na mara akawa mashuhuri. Matangazo ya sinema yalimsifu kuwa mwanamke mzuri kupita wote duniani. Mwaka 1949 alicheza kama Delila katika filamu ya habari za Samsoni, ambazo labda unazijua. Lakini nyumbani kwake alikuwa na meza ya kazi, vitabu na vifaa vya kuchorea. Alijaribu hata kutengeneza kidonge cha kugeuza maji kuwa soda. Hakikufaulu, ladha yake ilikuwa kama dawa.

Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza. Tarehe 17 Septemba, 1940, nyambizi ya Ujerumani iliizamisha meli iliyoitwa City of Benares katika bahari ya Atlantiki. Ndani yake walikuwamo watoto 90 wa Uingereza waliokuwa wakipelekwa Kanada ili wawe mbali na mabomu. Kati yao, 77 walikufa. Hedy alihuzunishwa sana na maafa ya namna hiyo, akaanza kutafuta njia ya kuzipiga nyambizi. Topido iliweza kuongozwa kwa redio. Lakini adui akiyagundua masafa yake, angepeleka mkoromo katika masafa hayo hayo, na topido isingesikia amri tena.

Fikiri hivi. Una njia nne za kwenda kisimani, na mtu mbaya anakuvizia katika njia mojawapo. Wewe na dada yako mmepatana kwa siri: leo njia ya kwanza, kesho ya nne, keshokutwa ya pili. Anayekuvizia hajui utaratibu wenu, hivyo mara nyingi atangoja bure. Hedy aliona kwamba redio ingeweza kufanya vivyo hivyo: mpelekaji na mpokeaji wabadili masafa pamoja, upesi, kwa utaratibu wanaoujua wao tu.

Lakini mashine mbili zitabadilije kwa wakati mmoja? Hapa alisaidiwa na George Antheil, mtungaji wa muziki. Zilikuwako piano zilizojipiga zenyewe, zikiongozwa na karatasi ndefu yenye vitundu. Wawili hao walipanga kuweka karatasi mbili zinazofanana, moja katika meli na moja katika topido, zikienda kwa mwendo mmoja. Walichagua masafa 88, sawasawa na vibonyezo vya piano. Tarehe 11 Agosti, 1942, walipewa hataza, ambayo ni hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi.

Jeshi la Majini la Marekani halikuutumia uvumbuzi huo katika vita ile. Wakubwa walikiona chombo kuwa kikubwa mno. Hedy alihimizwa auze hati za mkopo wa vita, kwa kuwa watu wangekuja kumtazama uso. Akaziuza kwa mamilioni ya dola. Hataza ilimaliza muda wake mwaka 1959, na hakupata fedha yoyote kwayo. Tuzo ya kwanza kwa uvumbuzi wake ilimfikia mwaka 1997, naye akafariki tarehe 19 Januari, 2000, akiwa na umri wa miaka 85. Mwaka 2014 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani.

Ni haki kusema kwamba wapo waliofikiri habari ya kubadili masafa kabla yao, na kwamba mafundi wa baadaye walikuwa na njia zao. Hata hivyo, wazo ni lile lile. Simu inapopeleka muziki katika spika bila waya, kwa Bluetooth ya kawaida, huruka katika masafa yanayofika 79, hadi mara 1,600 kwa kila sekunde. Simu na spika hupatana kwanza juu ya utaratibu wao, kama wewe na dada yako. Kwa hiyo maduka mawili ya Busunzu yanayopakana yanaweza kupiga kila moja muziki wake, na spika ya huku isipokee nyimbo za kule.