Macho Katika Ncha za Vidole

Katika kijiji cha Coupvray, mashariki mwa Paris, aliishi fundi wa ngozi aliyeitwa Simon-René Braille, mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Tarehe 4 Januari 1809 mkewe, Monique, alimzaa mtoto wao wa mwisho, naye akaitwa Louis.

Louis alipokuwa na umri wa miaka 3 aliingia katika karakana ya baba yake, akashika chombo chenye ncha kali na kujaribu kutoboa ngozi kama alivyomwona baba akifanya. Chombo kiliteleza kikamchoma jicho. Wazazi walijitahidi kumtibu, lakini siku zile hapakuwa na dawa ya kuzuia maambukizo. Baadaye jicho la pili, ambalo halikuguswa, nalo likaugua. Alipofikisha miaka 5 alikuwa kipofu kabisa.

Wakati ule vipofu wengi waliishia kuomba barabarani. Wazazi wa Louis hawakukubali mtoto wao afikie hapo. Walimpa kazi za nyumbani, naye akajifunza kutembea kijijini kwa fimbo. Kasisi wa kijiji alimfundisha, kisha akakaa darasani pamoja na watoto wanaoona, akishika masomo kwa kusikiliza tu.

Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa katika shule ya vipofu ya Paris. Vitabu vya huko vilikuwa na herufi kubwa za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vilikuwa vizito, vichache, na kuvisoma kulichosha. Tena, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Ndipo afisa mmoja wa jeshi, Charles Barbier, alipoleta shuleni maandishi ya nukta zilizoinuka. Kila alama ilikuwa na nafasi 12 za nukta, nyingi mno kwa ncha ya kidole kuzitambua kwa mguso mmoja. Louis alizipunguza zikawa 6, na kufikia umri wa miaka 15 alikuwa amekwisha kuunda mfumo wake. Aliutangaza kwa kitabu mwaka 1829.

Hakupokewa kwa shangwe. Alikuwa mwalimu katika shule ileile, lakini kwa muda maandishi yake yalikatazwa humo. Wanafunzi waliendelea kuyatumia kwa siri, maana kwa mara ya kwanza waliweza kuandika na kujisomea wenyewe. Louis alifundisha, akapiga kinanda makanisani, na kwa miaka mingi akaugua kifua kikuu. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, akiwa na miaka 43. Miaka 2 baadaye Ufaransa iliyakubali rasmi maandishi yake. Ndiyo tunayoyaita leo nukta nundu, na kwa hayo vipofu wengi husoma Biblia kwa vidole vyao.

Louis hakupata kuona tena. Leo jicho lililochomwa mara nyingi laweza kuokolewa, iwapo mgonjwa atafika hospitali mapema. Mtu akichomwa jichoni, usilisugue wala kulikandamiza jicho. Usichomoe kitu kilichokwama, wala usitie dawa ya kienyeji. Lifunike kwa kitu kigumu kama kikombe safi kisichogusa jicho, kisha umpeleke hospitali mara moja. Ikiwa ni kemikali iliyoingia, anza papo hapo kuosha jicho kwa maji mengi safi. Na uwezo wa kuona ukififia katika jicho lisilojeruhiwa, hata baada ya miezi au miaka, rudi kwa daktari bila kukawia.

Maswali ya Kujadili:

1. Wazazi wa Louis walifanya nini ili upofu usimfungie mtoto wao mlango wa maisha?

2. Je, kuna mtoto asiyeona mtaani kwenu ambaye hajapelekwa shule? Darasa lenu laweza kufanya nini juma hili?