John Akii-Bua: Bingwa wa Olimpiki aliyezimwa na siasa

KWA wapenzi wa riadha wa Mwanza na miji mingine ya kandokando ya Ziwa Victoria waliokuwa wakisikiliza redio mwaka 1972, jina la John Akii-Bua si geni. Ndiye aliyeipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Marehemu Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia ya chifu mwenye wake na watoto wengi. Akiwa askari polisi jijini Kampala, alinolewa na kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, katika mbio za meta 400 kuruka viunzi.

Mbio hizo hazina huruma. Mkimbiaji huruka viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91 hivi, na pumzi humwishia pale hasa anapoihitaji. Mjini Munich, Septemba 2, 1972, Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na wengi huiogopa. Hata hivyo aliwapita Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi, akatumia sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 48. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Idi Amin alimtunukia nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini utawala huohuo ulikuwa ukiwaua Walango wenzake kwa maelfu, na bingwa aliendelea kuvaa sare zake za polisi katikati ya hofu hiyo.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, ziligomea Olimpiki ya Montreal kupinga uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini ya kibaguzi. Mgomo ulikuwa wa haki, lakini gharama yake waliilipa wanariadha: Filbert Bayi wetu alibaki nyumbani, na Akii-Bua pia. Edwin Moses wa Marekani akatwaa dhahabu na kuifuta rekodi ya Munich.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Mwishoni mwa Machi 1979 Mwanza ilidondoshewa mabomu na ndege ya Libya, mshirika wa Amin, na Aprili 11 majeshi ya Tanzania yakaitwaa Kampala. Akii-Bua alikuwa amekimbilia Kenya na familia yake, akaishia katika kambi ya wakimbizi, hadi kampuni ya viatu ya Puma ilipomsaidia kwenda Ujerumani Magharibi.

Moscow, 1980, aliishia nusu fainali. Katika michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui, kijana wa Majita, Musoma, alitwaa medali ya fedha ya meta 5,000.

Baadaye Akii-Bua alirejea Uganda na kufundisha riadha. Alifariki dunia Juni 20, 1997 akiwa na umri wa miaka 47, mjane mwenye watoto 11, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri hadi mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London, kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki.