Askofu Frank Weston na Wito wa Upadre



Mara nyingi vijana wetu hutuuliza swali moja ambalo si rahisi kulijibu: Mtu atajuaje kuwa ameitwa kuwa padre? Wengine hudhani wito huja kama sauti usiku, kama alivyoitwa Samweli mbele ya Eli. Wengine hudhani ni kazi kama kazi nyingine, mtu akikosa nafasi serikalini basi ajaribu kanisani. Sisi tuliofundisha watoto miaka mingi tumeona ya kuwa mfano huzidi maelezo. Kwa hiyo leo tumependa kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake wazee wa Bonde na Usambara walilijua sana, nalo ni Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyekufa Hegongo, karibu na Magila, chini ya milima yetu hii.

Frank Weston alizaliwa London, Uingereza, tarehe 13 Septemba 1871. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya chai, naye alikufa Frank akiwa bado mtoto wa miaka kumi hivi, akamwacha mama na watoto wengi. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya sala. Kijana huyu alisoma katika shule ya Dulwich, kisha akaenda Oxford, katika chuo cha Trinity. Mwaka 1893 alimaliza masomo ya elimu ya Mungu, akashinda katika daraja la kwanza. Kwa elimu ile angaliweza kubaki pale pale akawa mwalimu mwenye heshima, akalala penye joto na kula vizuri mpaka uzee wake.

Lakini alipokuwa bado Oxford alipata habari za kazi ya misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Mashariki kutoka kwa Askofu Charles Smythies. Askofu huyo aliongoza dayosisi tangu mwaka 1884, akazunguka kwa miguu kutoka Bonde mpaka Masasi na Ziwa Nyasa, akafa akiwa safarini baharini mwaka 1894. Kijana Weston akawaka moyo, akajitolea aende Afrika. Jibu alilopata ni hapana. Madaktari walisema afya yake haifai kwa nchi za joto.

Hapa ndipo tunapoomba vijana wasome polepole. Weston hakusema kwamba kwa kuwa amekataliwa, basi Mungu hakumwita. Wala hakugombana na wakubwa wake. Alikubali kazi iliyokuwa mbele yake. Alikwenda kuishi kati ya maskini wa mashariki ya London, mahali paitwapo Stratford, katika misheni ya chuo chake. Akapewa ushemasi mwaka 1894 na upadre mwaka 1895, kisha akatumika katika mtaa wa Mtakatifu Mathayo, Westminster. Miaka mitano ilipita tangu alipomaliza Oxford. Mwaka 1898 mlango ukafunguka, akakubaliwa, akafika Unguja akiwa na miaka 26.

Basi hilo ndilo jambo la kwanza. Wito wa kweli haufi kwa kuambiwa ngoja, na mtu aliyeitwa hakai bure kwa sababu anangoja. Ikiwa kijana anaona ameitwa, lakini hataki kufundisha watoto Jumapili, hataki kutembelea wagonjwa, wala hataki kufagia kanisa mpaka apewe kanzu, basi na ajiangalie vizuri. Mti unaotunzwa ungali mche ndio unaokua.

Huko Unguja kazi yake kubwa ilikuwa hasa hii tunayoizungumza, yaani kuwasaidia watu wapime wito wao. Kanisa letu lilikuwa limekwisha kupata padre wa kwanza Mwafrika katika misheni ile, Padre Cecil Majaliwa. Yeye alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapata uhuru, akasomeshwa Kiungani na baadaye Canterbury. Alipewa upadre mwaka 1890. Kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa geni, lakini walikuwa wachache sana. Wazungu wengi wa siku zile, hata ndani ya makanisa, walidhani Mwafrika anafaa kuwa mwalimu wa kijijini na msaidizi tu, na ya kwamba upadre na ungoje vizazi vingi.

Padre Weston hakukubali neno hilo. Mwaka 1899 alianzisha chuo cha elimu ya Mungu huko Mazizini, nje kidogo ya mji wa Unguja, wakipewa mafundisho wale waliotazamiwa kuwa mashemasi na mapadre. Alikaa pamoja na wanafunzi wake, akawafundisha kwa Kiswahili, akajifunza lugha mpaka akaweza kuhubiri na kuungamisha bila shida. Tangu mwaka 1901 mpaka 1908 alikuwa mkuu wa chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, mahali walipotoka walimu wengi waliokwenda kufundisha Bonde, Zigua na Masasi.

Yeye aliamini kwamba Mwafrika halazimiki kwanza kugeuzwa Mzungu ndipo awe padre. Lakini pia hakutaka mapadre nusu nusu. Alitaka wajue Maandiko, wajue imani ya Kanisa, na wazoee sala. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tunaelewa maana yake. Mwalimu anayewapenda wanafunzi wake hawashushii kipimo kwa kuwahurumia, bali huwapa kipimo kamili na kuwasaidia wakifikie.

Basi jambo la pili ni hili. Wito hausikiwi na mtu peke yake. Kijana husikia moyoni, lakini Kanisa nalo husikia na kupima. Padre wa mtaa huangalia, walimu wa chuo huangalia, Wakristo jirani zake huangalia, na mwisho askofu ndiye anayemwekea mikono. Mtu asiyetaka kupimwa na wenziwe hajawa tayari kuwapima wengine katika kitubio.

Tarehe 18 Oktoba 1908, sikukuu ya Mtakatifu Luka, Weston aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar katika kanisa kuu la Southwark, London. Dayosisi yake ilikuwa kubwa sana. Ilikuwa na Unguja na Pemba, na bara ilishika Bonde na nchi za jirani, tena ikashuka mpaka Masasi kule kusini. Askofu alisafiri kwa miguu kutoka mtaa hata mtaa. Sisi tunaolalamika tukipanda kutoka Mng'aro mpaka Mlalo bila gari, na tumkumbuke mtu yule ambaye afya yake madaktari waliikataa.

Mwaka 1911 alianza jambo jingine, yaani Chama cha Masista wa Mateso Matakatifu, kilichoanza kazi yake Unguja. Masista hao walifanya kazi ya mashule na hospitali, wakaja mpaka Magila, na watu wa Tanga waliwafahamu sana. Baadaye wao ndio waliowalea masista wetu Waafrika wa Chama cha Mariamu Mtakatifu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi huchanganya wito wa upadre na wito wa utawa. Katika Kanisa letu padre aweza kuwa mtu mwenye mke na watoto, kama alivyokuwa Padre Majaliwa. Mtawa, mwanamume au mwanamke, hujifunga kwa nadhiri za umaskini, useja na utii. Mtu aweza kuwa na wito mmoja bila ule mwingine. Askofu Weston mwenyewe hakuoa, akaishi maisha ya umaskini, lakini hakuwalazimisha mapadre wake wote wafanye vile.

Sasa tuseme neno juu ya jambo ambalo hapa kwetu Mlalo haliwezi kupitwa kimya. Mwaka 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, nchini Kenya, kutafuta umoja. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Wapresbiteri, nao wasio Waanglikana wakapokea. Askofu Weston alikasirika, akawashitaki Askofu Peel na Askofu Willis wa Uganda mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Mambo haya yalivuma Uingereza yote.

Wako watu waliomwona kuwa mgomvi, na hatusemi kwamba maneno yake yote yalikuwa ya upole. Sisi tunaoishi katika mji ambao Injili ililetwa na wamisionari wa Kilutheri wa Betheli mwaka 1891, ambao ndugu zetu, wakwe zetu na majirani zetu wengi ni Walutheri, tunayasoma mambo yale kwa uangalifu. Hata hivyo na tumtendee haki. Hakupinga umoja, alipinga umoja wa haraka unaoruka maswali magumu. Na mwaka 1920, maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana Lambeth, yeye yule alikuwa miongoni mwa waliosaidia sana kutoa wito kwa Wakristo wote watafute umoja. Mtu aliyeitwa na Mungu hawi mkamilifu siku ile ile. Mungu humchukua pamoja na ukali wake, akaendelea kumfinyanga.

Vita ya mwaka 1914 ilipoanza, dayosisi ilikatika vipande viwili, maana Unguja ilikuwa chini ya Waingereza na bara ilikuwa chini ya Wajerumani. Askofu alikuwa Unguja, hakuweza kuwafikia watu wake wa bara. Wamisionari Waingereza walifungwa, na mapadre na walimu Waafrika wengi walikamatwa, wakapigwa na kupelekwa mbali mpaka Tabora, kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi. Wako waliokufa. Waliobaki walifunguliwa Tabora ilipotekwa na Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916. Na tuwakumbuke watu hao tunapouliza kama Waafrika wa siku zile walikuwa tayari kwa upadre. Walikwisha jibu kwa miili yao.

Mwaka ule ule 1916 Waingereza walihitaji wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi. Hali ya wapagazi katika vita ile ilikuwa mbaya mno, wakafa kwa maelfu kwa njaa, homa na kuhara. Askofu Weston aliunda kikosi cha wapagazi wa Unguja, akakiongoza mwenyewe, akatembea nao katika pwani ya bara, ili wasitendewe kama wanyama.

Vita ilipokwisha alikwisha andika juu ya ukatili wa utawala wa Wajerumani. Lakini mwaka 1920 aliigeukia serikali ya nchi yake mwenyewe. Katika Kenya Waafrika walikuwa wakishurutishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Askofu akaandika kitabu kidogo kuishitaki Uingereza kwa kuwafanya Waafrika watumwa wa namna mpya. Mtu anayekemea dhambi ya adui ni rahisi kumpata. Anayekemea ya nyumbani kwake ni adimu.

Mwaka 1923 aliongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana wenye desturi za Kikatoliki huko London. Aliwaambia waziwazi kwamba kumwabudu Yesu katika Sakramenti juu ya altare hakufai kitu, ikiwa mtu anampita Yesu yule yule katika maskini aliyevaa matambara. Hilo ndilo jambo la tatu juu ya wito. Anayevutwa na uvumba na mavazi mazuri tu, hajavutwa na Kristo bado.

Mwaka uliofuata alikuwa Hegongo. Alipata jipu, sumu ikaingia katika damu yake, akafa tarehe 2 Novemba 1924, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote. Alikuwa na miaka 53. Kazi ya kuwaandaa mapadre haikufa pamoja naye. Mwaka 1970 Kanisa letu la Tanzania lilipokuwa jimbo lenye kujitegemea, Askofu Mkuu wake wa kwanza alikuwa John Sepeku, Mwafrika. Wale waliosema vizazi vingi wangojwe hawakuwa na hesabu nzuri.

Ndugu zetu, kwa nini tumewasimulia haya? Kwa sababu tunajua yanayosemwa katika nyumba zetu. Kijana akisema anataka upadre, baba humwuliza atapata mshahara gani, na mama huogopa atapelekwa mbali. Hofu hizo ni za kweli, wala hatuzidharau. Wazazi wamehangaika kumsomesha. Lakini tukitaka padre wa kutuzika, wa kubatiza wajukuu zetu na kutupa Komunyo tukiwa wagonjwa, tujue kwamba padre huyo lazima atoke katika nyumba ya mtu. Hashuki kutoka mlimani kama ukungu.

Basi wazazi, kijana akileta neno hilo, msimcheke wala msimsukume. Mwambieni aende kwa padre, asali, afanye kazi ndogo za mtaa kwa uaminifu, akubali kupimwa na kungoja. Kama ni wito wa Mungu, utakaa. Kama sio, atakuwa amepata kuwa Mkristo mwema, na hiyo si hasara.

Nanyi vijana, msiogope kuuliza. Na kila tarehe 2 Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, tumtaje na Frank, Askofu, aliyelala Hegongo akiitazama milima yetu. Raha ya milele umpe, ee Bwana.