Mfalme aliyekwama kwenye neno

Umepanda matatu Machakos, unashuka Wamunyu. Jina la stejini unalijua tangu utotoni, lakini ukitaka kumwambia kondakta, neno linakwama kooni. Unalisukuma, linagoma. Abiria wanageuka, mmoja anacheka, gari linapita. Unashukia mbele huko na kurudi kwa miguu. Kama hii ni hadithi yako, leo nakuletea mtu ambaye sura yake ilikuwa kwenye shilingi alizotumia babu wa babu yako: Mfalme George wa Sita wa Uingereza.

Alizaliwa 14 Desemba 1895, nyumbani wakimwita Bertie. Kigugumizi kilimwanza akiwa na miaka kama minane. Baba yake alikuwa mkali, na ukali haukusaidia kitu. Kadiri alivyoharakishwa, ndivyo alivyozidi kukwama. Kumbe hata kuzaliwa ikulu hakumkingi mtu.

Mwishoni mwa 1924 alikuja hapa kwetu Kenya na mkewe, Elizabeth, kuwinda. Mwaka uliofuata, 31 Oktoba 1925, akahutubia umati mkubwa Wembley, London. Yalikuwa mateso kwake na kwa waliomsikiliza. Alikuwa ameshajaribu wataalamu kadhaa na kukata tamaa. Mkewe ndiye aliyembembeleza ajaribu mmoja zaidi.

Basi Oktoba 1926 akaingia kwa Lionel Logue, Mwaustralia aliyekuwa na ofisi Harley Street. Logue hakuwa daktari wala hakuwa na digrii. Kazi aliijua kwa kufundisha watu kuzungumza jukwaani, halafu kwa kuwasaidia wanajeshi waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza wakiwa wameharibikiwa na usemi.

Sasa alimfanyia nini? Hakumpa dawa. Alimfundisha kupumua kutoka chini, tumboni, badala ya kifuani. Alimpa mazoezi ya nyumbani ya kila siku. Hotuba walizipitia pamoja mapema, maneno yanayomkwamisha yakabadilishwa, na mahali pa kupumzika pakawekewa alama. Zaidi ya yote, alimfanya aamini kwamba yeye si mtu mbovu, na kwamba hali yake inaweza kubadilika.

Mei 1927 akafungua bunge la Australia kule Canberra, na mambo yakaenda vizuri. Kisha Desemba 1936 kaka yake akaacha kiti, na yule aliyeogopa kusema akawa mfalme. Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, ilibidi azungumze redioni moja kwa moja. Logue alikuwa naye chumbani. Ni vita hivyo hivyo vilivyowachukua vijana wengi wa Ukambani kwenye jeshi la KAR.

Lakini sikia hili vizuri: hakupona kabisa. Hadi alipofariki 6 Februari 1952, binti yake akiwa hapa Kenya, upande wa Nyeri, hotuba bado zilikuwa kazi ngumu kwake. Kilichobadilika ni kwamba kigugumizi hakikumwamulia tena kama azungumze au anyamaze.

Wataalamu wa tiba ya usemi wa leo wana mbinu nyingi kumshinda Logue, ila lengo halijaenda mbali. Wanakufundisha kuanza neno taratibu, kulegeza koo na midomo badala ya kusukuma, na kupunguza ule woga wa kukwama. Mtoto akiwa mdogo, wanakaa na wazazi na walimu pia, maana mazingira ya nyumbani na darasani ni sehemu ya tiba.

Shida ni kwamba hapa Kenya wataalamu hawa ni wachache, na wengi wako mijini. Lakini kuna sehemu ya kazi ya Logue ambayo haihitaji ofisi. Rafiki yako akikwama, usimmalizie neno. Usimwambie atulie. Usicheke, wala usiangalie simu. Mtazame kama kawaida, subiri, halafu jibu alichosema, si jinsi alivyokisema.

Na wewe unayekwama, safari ijayo usikubali kupitishwa stejini kimya kimya. Sema Wamunyu, hata ikichukua sekunde kumi. Nauli umelipa kama wengine.