Ramadhani, siku ya 12: Daktari wa jicho moja

Juzi baada ya tarawehe wazee watatu walinivuta pembeni kunilalamikia jambo lile lile: choo kigumu. Mmoja siku nne hajapata haja kubwa. Nikamkumbuka Denis Burkitt.

Huyu bwana alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, na bado akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alikuja Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa saratani ya taya za watoto, ambayo hadi leo ina jina lake. Ila leo nataka habari za tumbo.

Alipohamia Uingereza miaka ya 1960 alishangaa. Bawasiri, vifuko kwenye utumbo mpana, saratani ya utumbo: wodi za kule zilijaa magonjwa ambayo Uganda aliyaona mara chache. Akaanza kupima kitu ambacho madaktari wenzake waliona haya hata kukitaja, yaani kinyesi. Kwa mizani kabisa! Watu walimezeshwa vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, halafu ukahesabiwa muda mpaka vitoke. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha: mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa kama siku moja na nusu. Mwingereza, karibu gramu 100, na siku tatu na zaidi. Tofauti aliiona kwenye nyuzinyuzi za chakula. Alifariki mwaka 1993.

Si kila alichodhani kimethibitika. Na yeye alitazama zaidi uzito na mwendo. Kazi ya bakteria wa tumboni imeelezwa vizuri baadaye. Nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya ndicho chakula chao, na wakizila hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Kwa panya imeonekana kwamba bakteria wakinyimwa nyuzinyuzi, baadhi hugeukia kula ute unaoulinda utumbo wenyewe.

Sasa hebu tutazame sahani zetu hapa Morogoro. Milima ya Uluguru hiyo hapo, inatushushia maharage na mboga za Mgeta, ndizi za Kinole. Sisi tunavipita sokoni tukafuturu chapati za unga mweupe, na daku ni ugali wa sembe. Pumba za mahindi tunawapa kuku. Kuku wangu, alhamdulillah, wanapata choo bila shida.

Mwenye tumbo gumu aongeze maharage na mboga kidogo kidogo, si kwa pupa, maana gesi itamsumbua kwenye swafu. Maji anywe tangu futari hadi daku. Anayeona damu aende hospitali, asingoje Idi.

Kina mama wa jikoni msikitini wameshakubali: uji wa leo ni wa dona, na kunde zimelowekwa tangu jana usiku. Njooni na vikombe.