Voronikhin: Aliyezaliwa mali ya mtu, akajenga Kanisa Kuu la Kazan

Ukitembea Nevsky Prospekt, ile barabara kuu ya St Petersburg kule Urusi, kuna mahali lazima shingo igeuke. Nguzo 96 zimepangwa nusu duara mbele ya kuba kubwa, kama mikono miwili imefunguliwa kukukaribisha. Hilo ndilo Kanisa Kuu la Kazan. Watalii hupiga selfi, wakasonga. Wachache huuliza ni nani alilichora.

Ni jamaa anaitwa Andrei Voronikhin, na alizaliwa akiwa mali ya mtu.

Si utani. Mwaka wa 1759, huko Perm karibu na milima ya Ural, familia yake ilikuwa ya watwana wa akina Stroganov, mabwanyenye wa chumvi na madini. (Eeh, ni hao hao wa ile nyama ya stroganoff kwenye menyu za hoteli.) Mtwana alifungwa kwenye ardhi ya bwana wake. Angeweza kuuzwa, na hakuoa bila ruhusa. Umbea wa wakati huo ulisema baba yake halisi alikuwa mmoja wa akina Stroganov wenyewe. Mimi umbea huo sitautia chumvi.

Kijana alijua kuchora. Alianza na picha takatifu za kanisani, na mwaka wa 1777 bwana akampeleka Moscow kusoma. Uhuru wake aliupata akiwa na miaka kama 26. Kisha akatumwa Ulaya pamoja na Pavel, mwana wa bwanyenye Alexander Stroganov, na mwalimu wao Mfaransa, Gilbert Romme. Wakajikuta Paris wakati mapinduzi yamewaka! Pavel akaanza kuhudhuria mikutano ya wanamapinduzi, habari zikafika kwa Malkia Catherine, na safari ikaisha hapo. Mwaka wa 1790 Voronikhin akarudi nyumbani, akapewa kazi ya kutengeneza upya vyumba vya kasri la Stroganov.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Tsar Paul alitaka kanisa linalofanana na lile la Mtakatifu Petro kule Roma. Wageni wenye majina makubwa, kama Mskoti Charles Cameron, walileta michoro. Voronikhin alijulikana zaidi kama mchoraji, na sifa rasmi ya usanifu majengo aliipata 1800 tu. Wengi waliona kazi imemzidi. Sisi tusio na karatasi za chuo tunaujua wimbo huo. Lakini Stroganov alisimama naye, na tusidanganyane, bila huyo mzee huenda mlango usingefunguka.

Sasa sikia akili yake. Kanisa la Kiorthodoksi lazima madhabahu yaelekee mashariki, kwa hivyo mlango mkuu huwa magharibi. Nevsky inapita kaskazini. Yaani jengo lingeipa barabara ubavu, kama mtu amekununia. Voronikhin akauvisha ubavu huo zile nguzo zote. Unachopiga picha ukidhani ni mbele ya kanisa, kumbe ni upande! Alitaka safu kama hiyo upande wa kusini pia, ila haikujengwa kamwe.

Paul aliuawa Machi 1801, hata jiwe la msingi halijawekwa. Mwanawe Alexander akaendeleza. Miaka 10 ya ujenzi, na wengi waliobeba mawe hayo walikuwa watwana, kama alivyokuwa mchoraji wao. Hao uhuru haukuwafikia. Utwana ulifutwa Urusi mwaka wa 1861.

Kanisa lilifunguliwa Septemba 1811. Siku chache baadaye mzee Stroganov akafariki. Mwaka uliofuata Napoleon akavamia Urusi, na jenerali Kutuzov, aliyeongoza vita dhidi yake, akazikwa ndani ya kanisa hilo mwaka wa 1813. Voronikhin naye akaondoka 1814, akiwa na miaka 54. Hakuona Wasovieti wakiligeuza jengo lake kuwa jumba la makumbusho ya kupinga dini, 1932. Leo ibada zimerudi.

Ukibahatika kufika, kasri la Stroganov liko dakika chache tu kwa miguu kutoka hapo, kwenye kona ya mto Moika. Kisha ifuate Nevsky hadi mwisho wake, kwenye monasteri ya Alexander Nevsky. Kaburi lake liko huko, lina nguzo, na juu ya nguzo hiyo wamechonga kanisa lake.