Daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya taya

WAZAZI wengi wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wameusikia ugonjwa unaovimbisha taya la mtoto kwa kasi ya kutisha. Wachache wanamfahamu mtu ambaye saratani hiyo inaitwa kwa jina lake.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja, na kwa sababu hiyo serikali ya kikoloni ilikataa mwanzoni kumwajiri Afrika. Hakukata tamaa. Mwaka 1946 alifika Lira, Uganda, kisha akahamia Kampala.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba pande zote nne za mataya. Wiki chache baadaye alimkuta mwingine Jinja. Mpasuaji mwingine huenda angepasua na kusahau. Yeye alituma maswali katika hospitali nyingi za Afrika na, mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, alisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kwa majuma 10.

Ramani aliyoichora ilionyesha kwamba maradhi hayo hufuata joto na mvua, sawa na malaria. Ndiyo maana ufuo wa Ziwa Victoria unaathirika zaidi kuliko nyanda za juu za Nandi, ambazo mkazi wa Kisumu huziona kwa macho. Kutokana na vipande vya uvimbe alivyotuma London, Anthony Epstein na wenzake walitangaza mwaka 1964 kwamba wameona virusi.

Kiini cha ugonjwa kilifahamika miaka ya 1980. Kwa kawaida, seli hugawanyika inapopokea vichocheo vya ukuaji. Vichocheo hivyo huiamsha jeni iitwayo MYC, nayo huagiza protini na mafuta ya kujengea utando wa seli mpya, kwani seli mbili haziwezi kujifunika kwa utando wa moja. Kichocheo kikikoma, jeni hiyo hutulia. Katika saratani hii, kipande cha kromosomu huhamia pasipo pake, na MYC haipumziki tena. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mzazi anayedhani ni jino bovu hupoteza muda ambao mtoto hana.

Burkitt mwenyewe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba dawa zinaweza kuuyeyusha uvimbe huo bila kisu. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akapata umaarufu wa pili kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi, na akafariki mwaka 1993. Watafiti wa KEMRI huko Kisian, nje kidogo ya Kisumu, wamechunguza jinsi malaria na virusi vile vinavyoshirikiana katika miili ya watoto wa ufuo huo huo.